Mtoto wetu aliitwa yellow, na mimi mwalimu wa Kiingereza ndiye niliyekosea maana

Muga wakuu, ndiyo salamu yetu Wameru, wa huku mlimani na wa kule chini, na wale wa mbali pia.

Mimi huwa nasoma tu humu na kupita. Leo nimeamua kuandika kitu kilichotokea kwangu nyumbani. Majina ya watu nimebadilisha. Mengine yote nitayasema vile yalivyokuwa, hata pale ambapo ningependa yawe tofauti.

Ni ndefu kidogo. Mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa English na Literature, day school moja huku Meru, upande wa Githongo. Bibi yangu, tumwite Wawira, anatoka Mbeere, kule chini Embu, kwa joto na mbuzi na ndengu. Tulikutana college. Tulikaa miaka mitatu ya ndoa bila mtoto na watu wakaanza kuuliza maswali ya pembeni, mnajua vile watu wa kwetu huuliza. Kisha Mungu akakumbuka.

Mtoto alizaliwa Jumanne asubuhi, kwa health centre ndogo. Msichana. Kwa desturi yetu wasichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, kwa hivyo akawa Nkirote kabla hata hajafungua macho. Mama yangu alilia kwa simu.

Jumatano wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Sasa hapa ndipo mambo yanaanza, na wakati huo sikujua kama kuna kitu kimeanza.

Wakati Wawira anavaa ndani ya wadi, sister wa zamu alimwambia maneno machache. Mimi sikuwepo, nilikuwa nje natafuta gari. Alimwambia: "Mtoto akikuwa yellow, mrudishe siku hiyo hiyo. Usingoje clinic." Basi. Kulikuwa na mama wengine wawili wa kuruhusiwa na mwingine anaanza uchungu, na huyo sister alikuwa peke yake.

Wawira aliweka hayo maneno kichwani.

Alhamisi nyumba ilijaa. Ilikuwa ile miezi ya baridi, ukungu unashuka asubuhi na hauondoki hadi saa sita, siku zingine hauondoki kabisa. Wamama walikuja na uji wa wimbi kwa chupa za chai, na mikungu ya ndizi, na maziwa. Jikoni moto haukuzimwa. Kila aliyeingia alipewa mtoto ashike.

Na kila aliyemshika alisema neno moja.

"Aki huyu ni yellow yellow."

Kwa wale wasio Wakenya, niwaeleze. Hapa kwetu ukisema msichana ni yellow yellow umemsifu. Ni mweupe, ni light skin, ni yule wa kuangaliwa akipita. Hakuna mtu huwaza rangi yenyewe. Mimi mwenyewe nimetumia hilo neno tangu nikiwa Form Two.

Dada yangu Kagendo ndiye alipiga kelele zaidi. Alimpiga mtoto picha, akaiweka status, akaandika "our yellow yellow has landed". Watu wakajibu na mioyo.

Mama yangu alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni. Alicheka, akasema kwake yeye yellow ni mahindi. Akaeleza vile wakiwa wadogo kulikuja njaa, wakaletewa mahindi ya yellow ya msaada, na walikula huku wakiona haya kwa sababu nyumbani mahindi hayo yalikuwa ya kulisha kuku. "Na leo mnaniambia mjukuu wangu ni yellow nifurahi," akasema. Watu wakacheka sana.

Mimi nikaingilia na ualimu wangu. Nikawaambia kwa Kiingereza ukiitwa yellow maana yake ni mwoga. Nikawaambia neno moja linaweza kuvaa nguo kumi, inategemea nani anasema na yuko wapi. Nilikuwa nimepata mtoto na nilikuwa na watu wa kunisikiliza. Niliongea vizuri hiyo siku.

Wawira alikuwa kwa kitanda chumba cha pili, mlango wazi. Alisikia yote.

Nieleze kitu hapa, kwa sababu bila hicho mtamwona Wawira kama mjinga, na si mjinga. Wawira ni mweusi. Mweusi wa kupendeza, lakini tangu nimlete nyumbani kulikuwa na utani wa hiyo rangi. Ati amechomwa na jua la Mbeere. Ati tukizima taa tutampata wapi. Ulikuwa utani wa kawaida, hakuna aliyekuwa na ubaya. Yeye alikuwa anacheka pia. Mimi pia nilicheka, na sikuwahi kuwaambia waache.

Ijumaa, kama saa nne asubuhi, aliniita. Alikuwa amesimama kwa dirisha na mtoto amefunguliwa kifua.

"Baba Nkirote, kuja uone. Sister alisema akikuwa yellow tumrudishe. Mimi naona kama amekuwa."

Nikaangalia. Wakuu, sitadanganya, niliona. Niliona rangi fulani kifuani, na kwa uso. Lakini nilikuwa nimeisikia ikisifiwa siku nzima. Niliona kile nilichokuwa nimeambiwa nione.

Nikamwambia, "Sister alimaanisha yellow kama ndimu iliyoiva. Huyu ni mtoto light tu. Amechukua upande wa mama yangu."

"Lakini hata macho..."

"Wawira, hilo neno liko na maana nyingi. Hao wa hospitali husema vitu juu juu. Ukienda leo utaambiwa rudi nyumbani."

Kagendo alikuwa anafua nguo za mtoto nje ya dirisha. Akasema kwa kicheko, "Wacha wivu mama. Mtoto amekushinda rangi, kubali."

Wawira alifunga mtoto kwa shali.

Nimerudia hiyo dakika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia. Health centre ni kutembea nusu saa. Sikuwa na kazi yoyote hiyo asubuhi. Shule ilikuwa imefungwa.

Jumamosi mama alisema tumtoe mtoto aote jua. Jua lenyewe halikuwepo. Alitolewa hivyo hivyo, akakaa dakika chache kwa ukungu, akarudishwa ndani.

Jumapili mtoto alilala. Alilala siku nzima. Akiamshwa kunyonya anashika kidogo, anaachilia, analala. Watu waliotoka kanisani wakapita kumwona, wakasema tumebarikiwa, mtoto mpole hivi, hasumbui. Niliwashukuru.

Jumatatu alikuja mama mkwe.

Alikuwa ametoka Mbeere asubuhi sana na kuku wawili na gunia dogo la ndengu. Ni mama mfupi, haongei sana, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kiingereza hana hata kidogo. Na mnajua heshima ya mama mkwe na mkwe. Nyumbani kwetu alikuwa amekuja mara mbili tu, na zote mbili alikaa kwa kiti cha karibu na mlango na kuondoka kabla ya jioni.

Alipewa mtoto. Hakusema yellow yellow.

Akasimama, akaenda naye mlangoni kwa mwanga. Akamfungua jicho kwa kidole gumba, polepole, vile nimeona watu wa kule wakifungua jicho la mbuzi kuangalia kama ni mgonjwa. Akabonyeza pua ya mtoto, akaachilia, akaangalia. Akabonyeza kifua. Akabonyeza mguu.

Kisha akaongea na Wawira kwa Kimbeere. Kimbeere na Kimeru si mbali sana, nilielewa.

Alisema, "Huyu ana nyongo kwa macho. Imeshuka mpaka miguu. Ni siku ngapi?"

Wawira akasema, "Tangu Alhamisi."

"Na ulimwambia nani?"

Wawira hakuniangalia. Mama mkwe ndiye aliniangalia, mara moja, akageuza macho.

Hakuniuliza. Hakuomba ruhusa kwangu wala kwa mama yangu. Alivua leso yake ya juu, akamfunga mtoto nayo, akatoka mlangoni, akashika njia ya kwenda barabarani. Wawira akamfuata na slippers, bado anatembea vibaya. Mimi nikabaki nimesimama sebuleni kama mgeni. Ndipo nikakimbia kuita jirani mwenye gari.

Tulipita health centre, clinical officer wa hapo alimwangalia mtoto akiwa bado kwa mikono ya shosho, yaani nyanya yake, na hakutushusha hata kwa gari. Alisema tu, "Endeni Meru town. Saa hii."

Kwa gari ndiyo nilisikia ule mlio. Mtoto alilia, lakini hakikuwa kilio chake. Kilikuwa chembamba, cha juu, kama kitu kinakwaruza bati. Na mgongo wake ukajikunja nyuma, kichwa kikaenda nyuma, mikono imekaza. Wawira alikuwa anamwita jina lake. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, midomo inatembea.

Hospitali walimchukua haraka. Damu ikapimwa. Daktari alikuwa mama kijana, mchovu, si mkali. Alituita pembeni.

"Mmekuwa wapi na huyu mtoto?"

Nikasema, "Nyumbani."

"Siku sita. Na hakuna mtu aliona?"



Wawira akasema, "Tuliona."

Tuliona. Hakusema niliona. Wakuu, mimi nafundisha pronouns. Sijawahi kusikia moja ikitumika vile.

Daktari akaeleza. Damu ya mama na ya mtoto hazikupatana, group tofauti. Damu ya mtoto inavunjika haraka, inatoa kitu cha manjano ambacho ini la mtoto mchanga haliwezi kumaliza. Kikizidi kinapita hadi kwa ubongo. Akasema watoto wengi huwa manjano kidogo na huisha, lakini kuna wale ambao haishi, na kazi ya hospitali ni kutofautisha. Akasema jua la nyumbani si dawa ya ile hali. Akasema ngozi nyeusi huficha, ndiyo maana mtu anaangalia macho na fizi, na anabonyeza ngozi.

Kile mama mkwe alifanya mlangoni.

Walimbadilisha damu. Wakamweka chini ya taa ya blue, uchi, macho yamefungwa na bandage. Chini ya hiyo taa huoni manjano yoyote. Mtoto anaonekana kijivu, kama jiwe la mtoni. Wawira alikaa hapo kwa kiti cha plastiki siku tisa. Mama mkwe alilala kwa rafiki ya mtu wa kanisa lao karibu na soko la Gakoromone, akawa anakuja na chakula cha moto kila siku saa sita. Mimi nilikuwa nasimama kwa corridor.

Nkirote alipona manjano.

Siku ya kutoka tulimshukuru Mungu, mama yangu akaimba, tukapiga picha. Nilifikiri tumeponea. Daktari alisema turudi kwa clinic ya kufuatilia, akasema kwa sauti fulani, na mimi sikutaka kuisikia hiyo sauti.

Miezi mitatu, kichwa hakijashika. Tukasema watoto hutofautiana.

Miezi mitano, sufuria ilianguka jikoni nyuma yake kwa kishindo. Paka aliruka. Nkirote hakupepesa jicho.

Wawira aliokota hiyo sufuria, akaigonga tena sakafuni, akimwangalia mtoto. Akaigonga mara ya tatu. Kisha akaiweka juu ya meza taratibu na akatoka nje.

Kwa clinic tuliambiwa kwamba ile rangi ilikuwa imefika kwa ubongo kabla hatujafika kwa taa. Hasikii. Misuli ya mwili haimtii. Akili yenyewe, daktari alisema, inaweza kuwa iko sawa ndani, haina tu njia ya kutoka. Hiyo ndiyo ilinimaliza zaidi.

Kuna watu wa ukoo walianza kusema ni jicho baya la yule shosho wa Mbeere, ati mtoto alikuwa mzima mpaka alipomshika. Mama yangu, naomba niseme hili kwa sifa yake, aliita hao watu nyumbani akawaambia mbele ya wote: "Huyo ndiye aliona. Sisi wengine tulikuwa tunasifu." Hawakurudia. Kagendo alifuta zile picha. Hadi leo akija huwa anaosha vyombo vyote vya nyumba bila kuambiwa, na hakai.

Nilirudi shule. Siku moja kwa staffroom, sina lesson, nikachukua ile dictionary kubwa ya zamani, ile inayoonyesha neno lilitoka wapi. Nikafungua yellow. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda nilitaka kuona maana yangu iko wapi.

Iliandikwa kwamba ni neno la kale sana, na kwamba ni ndugu na neno la dhahabu, gold. Hiyo nilidhani nilishawahi kusoma. Na mstari wa chini, ndugu yao mwingine, gall.

Gall ni nyongo, wakuu.

Mama ambaye hajawahi kushika kitabu cha Kiingereza alisimama kwa mlango wangu akasema maana yenyewe kwa lugha yake, kwa kuangalia tu. Na hata Kiswahili kilikuwa kimejaribu kuniambia, tunasema homa ya nyongo, tunasema ugonjwa wa manjano, na manjano yenyewe ni ile bizari ya kupikia, hakuna mtu huona bizari kwa jicho la mtoto akasema amependeza. Mimi na digrii yangu nilikuwa nimekaa kwa nguo kumi za neno na nikasahau mwili uko ndani.

Nilifunga dictionary nikaenda kuketi kwa choo cha walimu mpaka kengele ikalia.

Kuna watu huniuliza kama nilishtaki ile health centre. Hapana. Wale walisema. Walisema kwa haraka na kwa neno moja, na ningependa wangesema "macho yakiwa manjano", au wangemwonyesha Wawira kwa kidole. Lakini walisema, na bibi yangu alisikia na akanileta dirishani. Nikishtaki nitamshtaki nani.

Sasa hivi Nkirote ana miaka minne. Anakaa Mbeere na mama yake kwa shosho yake. Si kwamba tumeachana. Baridi ya huku ilikuwa inamkaza misuli, na kifua kilikuwa hakiishi. Kule kuna joto, analainika kidogo, na kuna mama wa therapy anayekuja centre yao mara mbili kwa wiki. Mimi naenda kila Ijumaa nikitoka shule na kurudi Jumapili.

Kwa miaka hii yote Wawira hajawahi kuniambia lile neno. Lile la "nilikuambia". Nimelingoja. Nimewahi hata kumkasirisha makusudi ili alitoe, tugombane, liishe. Halitoki.

Likizo iliyopita nikaamua kuuliza mwenyewe. Tulikuwa kwa uwanja tunapura ndengu, mtoto amelala kwa mkeka kivulini, shosho ameenda na mbuzi.

Nikamwambia, "Wawira, ile Ijumaa kwa dirisha. Mbona hujawahi kunilaumu?"

Alipiga ndengu kama mara nne tano hivi.

"Nilikulaumu mwaka mzima," akasema. "Nilijilaumu na mimi, kwa sababu niliambiwa mtoto amenishinda rangi nikaona haya, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ya rangi yangu."

"Na sasa?"

Akaangalia kwa mkeka.

"Sasa amekuwa mzito. Simwezi peke yangu. Nikikutoa wewe, ni nani atashika upande wa miguu?"

Kisha akasema kumekuwa na jua hapo, tumsogeze. Nikashika miguu, yeye akashika mabega, tukamsogeza.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo wakuu.

Fundisho nililolipata ni hili, na mtu akitaka aliweke kwa group ya familia yake. Mtoto mchanga akibadilika rangi, usikae kujadili inaitwaje. Mpeleke mlangoni kwa mwanga wa mchana, angalia weupe wa macho, angalia fizi, bonyeza pua uachilie. Ukiona manjano, au akilala sana na kunyonya kidogo, ondoka siku hiyo hiyo, na ukirudishwa nyumbani mzima ucheke njiani. Na mama wa mtoto akikwambia anaona kitu, funga mdomo uchukue funguo. Kama huna gari chukua viatu.

Na wale wenye kusifia watoto kwa rangi, sina nguvu ya kuwahubiria. Fikirini tu nani anasikiliza chumba cha pili.

Naomba mchango wenu, hasa wenye watoto wenye hali kama ya wangu. Wetu anapaliwa na uji kila siku, hata tukiufanya mzito. Ninyi huwa mnawakalisha vipi wakati wa kula, na kichwa mnakishikaje? Andikeni hata kama ni mstari mmoja. Ijumaa naenda kule, nitamsomea mama yake.